Pitcha wa kasi au wa shabaha: nimchukue yupi?

KochaTemeke
Wakuu, habari za jioni. Imebaki nafasi moja ya pitcha, yaani mrushaji, kwenye kikosi cha besiboli cha shule, na majina nayapeleka Ijumaa. Vijana wawili wanaigombea. Wa kwanza ana mkono wa moto, anafika kilomita 122 kwa saa. Wa pili ni 108 tu, lakini mpira wake unatua kwenye glovu pale pale kecha, mdakaji wake, alipoiweka. Walimu wenzangu wamegawanyika. Nyie mngemchukua nani?

Nyuzi108
Mkuu, umetupa namba mbili ukazificha zilizobaki. Wana umri gani? Wanarusha kutoka mita ngapi? Kasi umeipimaje? Na huyo wa kwanza, katika mipira 40, straiki, yaani inayopita eneo la kupigika, ni ngapi? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

MkonoWaMoto
Hapana haja ya ramli. Chukua wa kwanza. Shabaha inafundishika, kasi mtoto anakuja nayo. Pitcha Randy Johnson aliongoza American League, moja ya ligi kuu mbili za Marekani, kwa kutoa beisi za bure (mpigaji anapewa beisi ya kwanza baada ya mipira minne mibaya) miaka mitatu mfululizo, 1990 hadi 1992. Wangemtupa kwa sababu hiyo, wasingeziona tuzo zake 5 za Cy Young, za pitcha bora wa mwaka.

DadaKecha
Kaka, huyo ni mmoja aliyefanikiwa. Mtaje na pitcha Steve Dalkowski. Mwaka 1960 akiwa Stockton, timu ya ligi ndogo, aliwatoa wapigaji 262 kwa straiki, na akawapa wengine 262 beisi za bure, katika iningi (vipindi vya mchezo) 170. Waliomwona wanamhesabu kati ya waliorusha kwa kasi kubwa kuliko wote, na hakucheza ligi kuu hata mechi moja. Na hiyo ya kusema kasi haifundishwi si kweli. Kijana wa miaka 14 akikua na kuongeza nguvu za miguu na nyonga, kasi inapanda yenyewe.

KochaTemeke
Samahani, nilikuwa kipindi. Wa kasi ana 15, wa shabaha ana 14. Umbali ni mita 18.44, kilima kamili, toka ubao wa pitcha hadi homu anaposimama mpigaji. Mipira 40 kila mmoja: wa kasi straiki 17, wa shabaha 27. Kasi nilipima kwa programu ya simu, ile ya kugusa kioo mpira unapotoka mkononi na kugusa tena unapofika.

Nyuzi108
Hapo ndipo penye shida, kocha. Kwa kasi hizo mpira uko hewani takriban nusu sekunde. Kidole kikichelewa sehemu 5 za mia za sekunde, umekosea asilimia 10. Hiyo 122 inaweza kuwa 110, na tofauti unayoigombania ikawa haipo.

Fanya hivi. Weka simu pembeni, mbali kiasi cha kuona kilima na homu kwa pamoja, urekodi mwendo wa polepole wa picha 240 kwa sekunde. Hesabu picha tangu mpira unaachia vidole hadi unapopita homu. Pitcha anaachia mpira akiwa ameshasogea mbele, kwa hiyo umbali halisi ni kama mita 16.8. Gawa 14,515 kwa idadi ya picha. Picha 130 ni kama 112 kwa saa. Huo ni wastani wa njia nzima. Mkononi ilikuwa juu kidogo, maana hewa inaupunguza mpira. Rekodi 10 kwa kila kijana, uchukue ya katikati, usichukue kubwa kuliko zote.

MkonoWaMoto
Sawa, apime upya. Ikitoka 120 nitarudi hapa kusema yale yale.

DadaKecha
Basi nieleze iningi yenyewe inavyoharibika, kwa sababu namba 17 kwa 40 haionyeshi maumivu yake. Mechi ya vijana wa miaka 15, timu inaongoza 4 kwa 1, pitcha ni wa kasi. Mpigaji wa kwanza anapewa beisi ya bure kwa mipira 5. Pitcha ananyanyua mguu juu mno, sekunde 1.7 zinapita kabla mpira haujafika homu, kwa hiyo mkimbiaji anaiba beisi ya pili bila hata kuteleza. Mpira unaofuata unagonga udongo, kecha anaukosa, mkimbiaji yuko ya tatu. Beisi ya bure nyingine. Pitcha anaogopa, anapunguza mkono ili aipate straiki, na mpira wa katikati usio na kasi unapigwa pembeni, pointi mbili. Beisi mbili za bure, mpira mwingine unampita kecha, tena pointi. Iningi inaisha 4 kwa 5. Mipira 38, na uliopigwa vizuri ni mmoja. Walinzi wamesimama dakika 25 mikono magotini. Mpira ulipowafikia hatimaye, wakauangusha.

Msumari_wa_Kilima
Nyote mnajibu swali la asilimia. Swali langu ni hili: anapokosa, anakosea wapi? Kocha, chora mstari wa majivu toka katikati ya ubao wa kilima hadi homu. Arushe mipira 20, kila mguu unapotua choma kijiti. Vijiti vikikaa pamoja ndani ya upana wa kiganja, mwili wake unajirudia na kosa liko mkononi. Kama ni wa kulia na mipira inapaa upande wa mkono wake wa kurushia, bega la mbele linafunguka mapema na mkono unachelewa. Ikienda chini upande wa glovu, anauvuta kwa nguvu. Hilo linarekebishika kwa wiki kadhaa. Vijiti vikitawanyika kama mbegu za mahindi, usimtegemee Ijumaa hii hata akiwa na 130.

Na wa shabaha naye abanwe. Kupata straiki na kuipata glovu ni vitu viwili. Homu ina sentimita 43. Kama straiki zake 27 zote zimepita katikati na hana chenjiapu, mpira wa polepole wa kumhadaa mpigaji, iliyo chini ya mpira wake wa kasi kwa kilomita 12 hivi, wapigaji wakimwona mara ya pili wanamla.

KochaTemeke
Chenjiapu hana bado. Anarusha wa moja kwa moja na wa kupinda.

Nyuzi108
Wa kupinda akiwa na 14? Mkono wake je? Anarusha mingapi kwa siku?

MkonoWaMoto
Wajapani wanarusha kila siku na wanatoa mapitcha wakubwa.

DadaKecha
Wajapani wenyewe wameweka kikomo tangu 2020: mipira 500 kwa wiki kwa pitcha wa sekondari. Kanuni za Little League, ligi ya watoto na vijana ya Marekani, zinabana zaidi. Miaka 13 hadi 16 ni mipira 95 kwa siku, na aliyefika 76 akiwa na miaka 15 anapumzika siku 4. Kwa wa miaka 14 siku hizo 4 zinaanza kwenye 66. Kocha, mashindano yako ni ya siku ngapi?

KochaTemeke
Siku tatu, mechi nne.

Nyuzi108
Mechi nne! Basi pitcha mmoja hatoshi, awe wa kasi au wa shabaha. Hiyo nafasi moja nani kaipanga?

KochaTemeke
Kikosi ni watu 15 na makecha wako watatu.

Msumari_wa_Kilima
Makecha watatu wa nini? Mwache mmoja, chukua vijana wote wawili.

DadaKecha
Asiguse makecha kabla hatujajua nani anaweza kuuzuia mpira wa huyo wa kasi kwa kifua. Kocha, hao watatu wanapiga magoti au wanaufuata mpira kwa glovu?

KochaTemeke
Mmoja tu ndiye anayepiga magoti. Alhamisi nachora mstari, ila majivu hapa ni shida, nitatumia chokaa ya uwanja.