Biti gani inatoboa stenlesi iliyokwisha kukomaa?

Mchomeleaji_Kona: Wakuu, habari za kazi. Nina kazi ya reli za ngazi. Bamba ni stenlesi 304, unene milimita 6, matundu ya milimita 10. Biti nyeusi za kawaida zinaingia kidogo, zinaanza kupiga kelele, ncha inageuka bluu na tundu linabaki linang'aa kama kioo. Muuza duka ananisukumia za rangi ya dhahabu. Nichukue hizo au za kobalti? Drili yangu ni ya mkono.

KarakanaYaMtoni: Mkuu, usinunue rangi. Ile dhahabu mara nyingi ni utando mwembamba tu juu ya biti ya HSS, yaani chuma cha kawaida cha biti; ukishainoa, makali yanabaki hayana utando. Kobalti imo ndani ya chuma chenyewe, unanoa mpaka biti iishe. Tafuta iliyoandikwa M35, ina kobalti asilimia 5. M42 ina 8, inavumilia joto zaidi, ila mkono ukiyumba inakatika upesi. Ncha iwe ya digrii 135 iliyochongwa katikati. Ya 118 hutambaa kabla ya kung'ata.

Huko kung'aa ndiko kwenye ugonjwa wenyewe. 304 haikomazwi kwa moto, inakomaa kwa kusuguliwa. Biti ikizunguka bila kukata, ngozi ya juu inakuwa ngumu kuliko chuma cha chini yake, na hapo hata kobalti itateseka. Punguza mwendo: biti ya 10 iende mizunguko 350 hadi 400 kwa dakika. Tangulia na ya 4, hiyo kama 800. Kandamiza bila kuachia, utepe wa chuma utoke umejikunja. Ukiona unga, unasugua. Mafuta ya kukatia yasikauke. Na sentapanchi, ile ncha ya kuweka alama ya tundu, gonga kidogo tu, maana ukiipiga sana unakomaza palepale unapotaka kutoboa.

ShaftiNaBeringi: Hakikisha kwanza ni 304 kweli. Mimi nashughulika na shafti za stenlesi 420 na visu vya stenlesi 440C vilivyokwisha kupigwa moto vikawa vigumu, hizo zinanasa sumaku. Ukipitisha tupa juu yake ikateleza bila kuuma, acha kobalti, hapo ni biti ya kabaidi tupu, ngumu kuliko chuma, drili ya mezani na kazi ibanwe kwenye jiliwa. Kabaidi kwenye drili ya mkono inapasuka vipande.

Mchomeleaji_Kona: Sumaku hainasi, tupa inauma vizuri. Asanteni sana. Na matundu yaliyokwisha ng'aa?

KarakanaYaMtoni: Geuza bamba, pima vizuri, ingia upande wa pili kwa M35 mpya. Pasipowezekana, ondoa ile ngozi kwa jiwe dogo la kusagia, kisha endelea kwa mwendo wa chini. Bana bamba kwa klampu mbili. Biti ikikaribia kutokea chini, legeza mkono kidogo lakini iendelee kukata. Hapo ndipo hunasa na kukusokota kiganja.