Tupeane uzoefu: shifta ya gia ikigoma, wewe tatizo ulilikuta wapi?

Wakuu habari za jioni, hasa nyie wa Arusha na Moshi mnaotembelea baiskeli za gia za mtumba. Naomba tupeane uzoefu maana hapa mtaani nimeshaona watu wawili wameng'oa shifta (kile cha kubonyeza kwenye usukani kubadilisha gia) wakatupa, na mi nilibaki kidogo tu niwe wa tatu.

Naanza na yangu. Nakaa Usa River, kibarua changu kiko Tengeru, kila siku naenda na kurudi. Mwezi wa 7 ule ubaridi wake mnaujua, asubuhi nabonyeza shifta ya kulia kwa dole gumba inaenda tu kama imekatika, haitoi ule mlio wa ta, haishiki kitu. Jua likishatoka inashika mara mojamoja, jioni narudi iko vizuri kabisa, kesho asubuhi yaleyale. Fundi wa kwanza akasema shifta imekufa nitafute nyingine, elfu ishirini na tano, na hiyo hela sikua nayo.

Nikaenda kwa mzee mmoja anatengenezea baiskeli chini ya mti. Akalegeza ile nati inayobana waya kule nyuma, waya ukawa huru, akasema haya bonyeza sasa. Nikabonyeza, bado inapwaya. Akasema basi ugonjwa uko huku mkononi, ungekua kwenye waya au nyuma hii shifta ingelia vizuri sasa hivi. Miaka miwili na hiyo baiskeli hakuna aliyewahi kunipimia hivyo.

Akafungua mfuniko, grisi ya ndani imekauka, rangi ya kahawia, ngumu kama nta ya mshumaa. Akanionyesha kijino kidogo chenye springi nyembamba sana, kile ndo kinatakiwa kiangukie kwenye meno ya kigurudumu cha ndani kivute waya, sasa grisi ikiganda kijino kinabaki kimenata juu, we unasukuma bure. Na nyingi ya hizi baiskeli zinakua zimekaa stoo miaka na miaka kabla hazijapanda meli, kwaiyo grisi inakua imeshazeeka. Hakukifungua zaidi ya hapo, alisema zile springi zikiruka huzioni tena. Akapulizia dawa ya kutoa kutu, akanipa nibonyeze. Nimebonyeza mpaka dole likauma, maji machafu yanachuruzika kwenye usukani, ghafla ta! Alafu ta! Aisee nilifurahi kama nimepewa baiskeli mpya. Akamalizia na matone ya mafuta ya cherehani, maana ile dawa inasafisha tu, haikai. Grisi nzito alikataa kabisa. Haya karibuni, wewe ilikuaje?

Mdau wa Pasua: Mkuu yangu ilikua tofauti, shifta inalia vizuri ila gia haziendi zinapotakiwa, na nikikata kona gia inahama yenyewe. Nikabadilisha waya mara mbili, wapi. Kumbe fundi alinifungia kava la breki kwenye gia, yani ile bomba ya nje ambayo waya unapita ndani yake. Kwa macho yanafanana ila ukikata utaona, la breki ndani ni waya bapa umezungushwa kama springi, la gia ni nyuzi zimenyooka zinafuata urefu wa kava. La breki likivutwa linabonyea kidogo, na gia haitaki hata milimita moja ipotee. Nimezunguka Moshi yote kulitafuta mpaka nikalikuta Mbuyuni kwenye rundo la mabaki, nikakata kwa kisu cha plaizi, nikanyoosha tundu lake na msumari, tangu hapo kimya.

Chalii wa Ngaramtoni: mi ilikwama gia ya katikati haipandi haishuki, nikatumia nguvu, waya ukakatika. Kile kichwa cha waya, kile kidonge cha chuma cha mwisho, kikabaki ndani ya shifta na nyuzi zimechanua kama ufagio, moja ikanichoma kidole. Ile kugoma ilikua dalili kwamba nyuzi zinakatika mojamoja ndani, mi sikujua. Wiki nzima nimepanda Ngaramtoni kwa gia nzito, magoti yanajua. Mkiona shifta imeanza kuwa ngumu ghafla chungulieni kichwa cha waya kwanza jamani.

Mama wawili: Habari za humu. Mwanangu anaenda nayo shule hapa Moshi, ilianguka upande wa kulia, kuanzia hapo akiweka gia kubwa ya nyuma cheni inataka kuingia kwenye spoku. Kila fundi anazungusha zile skrubu mbili ndogo za kwenye mashine ya gia ya nyuma, haisaidii. Kijana mmoja ndo akachukua tairi lingine la nyuma, akalichomeka ekseli yake kwenye tundu la lile sikio linaloshika mashine ya gia, akaniambia mama angalia. Matairi mawili yalitakiwa yaende sambamba, hili lingine limelala ndani kabisa. Akalivuta taratibu likanyooka. Alinionya kwamba sikio la aluminiamu halitaki kunyooshwa mara nyingi, litakatika. Sasa mwanangu nimemwambia baiskeli ilazwe upande wa kushoto tu.

Fundi Ngarenaro: Nawasoma wakuu. Mama wawili, zile skrubu mbili ni za kuzuia mwanzo na mwisho tu, gia za katikati hazihusiki nazo, mafundi wenzangu tunakosea sana hapo. Mi mteja akija namuuliza inagoma kupanda au kushuka? Kama kwenda gia kubwa ya nyuma inasita, mara nyingi waya umelegea, nazungusha kile kirekebisho cha waya nusu mzunguko kukaza. Kama kurudi gia ndogo ndo inachelewa, waya unakwama ndani ya kava, na kwa vumbi letu la huku kiangazi basi ndo kesi nyingi. Hapo natoa kava, nasafisha, likiwa na kutu natupa. Ila haya yote baada ya kuhakikisha shifta yenyewe inalia.

Chalii wa Ngaramtoni: fundi mafuta ya taa yanafaa kusafishia shifta kama ile dawa ya kupuliza sina?

Fundi Ngarenaro: Yanafaa, loweka usiku, asubuhi kung'uta ikauke kabisa ndo utie mafuta mepesi. Petroli mi siigusi kwenye vitu vya plastiki.

Mleta mada: Wakuu nimerudi. Baada ya kusoma hapa nimemfuata jirani, mmoja wa wale wawili, shifta yake alikua ameitupia kwenye boksi la misumari bandani kwa kuku. Tumeiloweka kwenye kopo la mafuta ya taa toka jana saa moja jioni, asubuhi tumekaa kwenye kigoda tunabonyeza kwa zamu, mara ya thelathini na kitu imelia. Gia zote saba zinahesabika. Tumeifunga na waya mpya, na muda huu ameshatoka nayo kwenda Maji ya Chai.