Daiodi nne siriizi kushusha 12V iwe 9V, mbona mita inanichanganya?

mchokonoaji:
Wakuu habari za leo, nina rauta ya 9V nataka niwe naiwashia betri ya sola ya 12V umeme ukikatika, nikakumbuka kila daiodi (kile kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu) inakula 0.7V basi nikalehemu 1N4007 nne siriizi, yaani moja nyuma ya nyingine, hesabu yangu 12.6 toa 2.8 napata 9.8, si mbaya. Sasa nikipima na mita kabla sijachomeka rauta inasoma karibu 11, nikichomeka tu inashuka mpaka 9.2. Hiyo 0.7 iko wapi? Au nimeuziwa feki?

fundi_kona:
Daiodi zako nzima mkuu. Hiyo 0.7 ni ya kukaririshwa shule, daiodi inakula kulingana na mkondo unaopita. Mita peke yake inavuta maikroampea tu, hapo kila moja inakula kama 0.4. Rauta ikivuta nusu ampea zinapanda 0.85 hivi, mara nne 3.4, toa kwenye 12.6 si ndo hiyo 9.2 yako. Siriizi mkondo ni ule ule mmoja unapita kote, volti ndo zinajumlishwa. Afu ziguse baada ya dakika tano uone, kila moja inachoma kama wati 0.4, usizifunge selotepu.

mchokonoaji:
Duh nimegusa, kidole kimejuta. Kwa hiyo niache hivi hivi?

mzee_wa_saketi:
Mimi ningekukataza, na shida yangu wala sio joto. Betri ya sola haikai 12.6, mchana ikichajiwa inafika 14.4, toa 3.4 rauta inapigwa 11, usiku ikichoka iko 11.8 unaipa 8.4. Daiodi zinakata kile kile, hazijui we unataka 9. Chukua kile kibao kidogo cha kushusha volti cha LM2596, chenyewe kinashikilia volti uliyopanga, zungusha kaskrubu kake mpaka mita isome 9 KABLA hujachomeka kitu (niliunguza redio ya mama kwa kusahau hapo tu).

dogo_fizikia:
Samahani kudandia uzi, 1N4007 inavumilia 1000V kinyume, nikiweka mbili siriizi ndo 2000V?

fundi_kona:
Kwenye karatasi ndiyo, mezani hapana. Umeme ukija kinyume kila daiodi inavuja kidogo na hazivuji sawa hata kama zimetoka pakiti moja, ile inayovuja kidogo ndo inabebeshwa volti nyingi, ikifa kwa shoti mwenzake anabeba zote peke yake. Weka rezista za thamani sawa, moja sambamba na kila daiodi, zigawane. Ila dogo kama ni 240V ya ukutani kilele chake ni 340 hivi, hata ukiwa na kapasita mbele daiodi inakutana na kama 680, moja inatosha.

mchokonoaji:
Nimefumua zote wakuu, kesho naenda kutafuta hicho kibao. Daiodi moja imekatika mguu, zimebaki tatu kama kuna anayezitaka.