Kocha wa viungo Mwanza: timu, jimu, shule. Muda hautoshi, nishaurini

Kocha_Nyegezi:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni kocha wa viungo, naishi Nyegezi. Saa 12 asubuhi niko Kirumba na timu ya mpira, wachezaji 24. Jumanne na Alhamisi saa 5 nakuwa sekondari moja huko Buswelu. Saa 11 jioni hadi saa 2 usiku nina wateja jimu Pasiansi. Katikati hapo ni daladala tu.

Nikifika nyumbani naandika programu ya kila mchezaji, mmoja mmoja, hadi saa 6 usiku. Kocha mkuu naye anabadilisha ratiba usiku kwenye grupu la WhatsApp, kazi yote inakuwa bure. Majuzi mechi iliwahishwa, mimi sikuona ujumbe, nikawabebesha vijana skwoti nzito (kuchuchumaa na chuma begani) siku moja kabla. Mmoja akashika nyuma ya paja dakika ya 20. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Jumapili mwanangu kanipa shikamoo halafu kajificha nyuma ya mama yake. Povu ruksa.

Mzee_wa_Benchi:
Pole kijana. Karatasi 24 za nini? Gawa makundi matatu: wanaoanza mechi, wa benchi, majeruhi. Wanaoanza, msimu ukiendelea, chuma mara moja au mbili kwa wiki kinawatosha. Uzito ubaki mkubwa, seti zipungue. Wa benchi ndio wa kubanwa kesho yake baada ya mechi, maana hawajacheza.

Halafu acha kuandika "Jumanne". Andika "siku nne kabla ya mechi". Nne kabla, chuma kizito. Mbili kabla, mbio fupi za kasi. Moja kabla, kuamsha mwili basi. Mechi ikisogea unasogeza mkanda mzima, huandiki upya.

Na kocha mkuu mfuate ana kwa ana Jumatatu. Ukimlalamikia kwenye grupu umekwisha.

Dada_Mwaloni:
Mimi nauza sato, hayo ya skwoti siyajui. Hiyo shule ukitoa nauli na chakula unabaki na nini? Samaki anayekula barafu kuliko bei yake mimi simnunui.

Kocha_Nyegezi:
Dada umenishika pabaya. Inabaki elfu tisa kwa siku. Ila wale watoto nawapenda, kuna binti anaruka juu hadi unashangaa.

Chuma_Igoma:
Mkuu, dawa ya kujua nani kachoka ni rahisi. Nusu saa baada ya mazoezi, kila mchezaji aseme ugumu kuanzia 1 hadi 10, uzidishe kwa dakika. Dakika 60 kwa 7 ni 420. Nahodha ajaze daftari, wewe unasoma tu ndani ya daladala. Mwenye namba zinazoruka ghafla, mpunguzie.

Mzee_wa_Benchi:
Hilo la daftari chukua. Lakini kila mtu ajibu peke yake, wakisikiana wote watasema 5.

Kocha_Nyegezi:
Asanteni. Jumatatu nakaa na kocha mkuu. Buswelu naacha Jumanne, maana mechi zetu nyingi ni Jumamosi na hiyo ndiyo siku ya chuma kizito. Alhamisi nabaki nayo, binti yule siwezi kumwacha.

Dada_Mwaloni:
Na mtoto je?

Kocha_Nyegezi:
Jumapili simu inafungiwa kabatini. Ufunguo anao mama yake.