Mama yuko kwenye mionzi Kampala, jirani anatuuzia unga wa "kulisha mitokondria". Nimpe au nisimpe?

MwanaWaBwera:
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Tumepanga chumba huku Kamwokya mimi na mama, tunatoka Kasese. Mama ana kansa ya mlango wa kizazi. Ameandikiwa mionzi mara 25, kila siku ya kazi mara moja, na mara moja kwa wiki anatundikiwa dripu ya dawa. Hii ni wiki ya pili.

Amechoka uchovu ambao sijawahi kuuona. Jana aliniomba nimvue viatu. Huyu ni mama aliyekuwa anashuka mlimani na mzigo wa mihogo mgongoni!

Sasa jirani mmoja, dada wa hapa tulipopanga, ana kopo la unga, shilingi 180,000. Anasema mionzi inaua mitokondria, ndiyo maana mama hana nguvu, na unga wake una vizuia oksidi vikali vya kuziamsha. Alinionyesha hadi video. Mimi nina 200,000, ni ya wiki nzima. Shule niliishia kidato cha nne. Mitokondria nazikumbuka kama kile kidude chenye mikunjo ndani tulichokuwa tunachora bila kukielewa. Nisaidieni, anataka jibu kesho.

BodaWaNtinda:
180,000! Unga wa dhahabu huo? Kaa na hela zako ndugu yangu.

TichaJinja:
Pole sana mdogo wangu. Nafundisha baiolojia, na mzee wangu naye nilimpeleka kwenye mionzi, kwa hiyo hivyo viatu nimevielewa. Huyo dada ameshika nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi.

Mionzi ikiingia mwilini inakuta maji, maana seli kwa sehemu kubwa ni maji. Maji yanapasuka na kutoa radikali huru, vitu vyenye njaa vinavyong'ata chochote kilicho karibu, DNA ikiwemo. Hayo yanaisha kabla hujapepesa jicho. Lakini mitokondria ni kama sigiri, jiko la makaa ndani ya seli: inachoma chakula kwa oksijeni ili kutoa nguvu, na hata siku njema cheche mbili tatu, yaani hizo hizo radikali, zinaruka. Ipige teke uone. Mitokondria zilizopigwa mionzi zinaweza kuendelea kurusha cheche hizo kwa saa nyingi, hata siku, wakati mgonjwa ameshapanda teksi akarudi nyumbani. Nazo zina DNA yao wenyewe, kijiduara cha jeni 37 tu, hakijafungashwa kwa histoni (protini ambazo DNA huzungushiwa) kama ile ya kwenye kiini cha seli, na mafundi wa kukikarabati ni wachache. Kwa hiyo kwamba zinaumia, ni kweli.

Asichokijua dada ni kwamba humo humo ndimo hukumu ya kifo cha seli inapopitishwa. Seli ikiharibika kupita kiasi, utando wa nje wa mitokondria unatobolewa, protini iitwayo saitokromu C inavuja, na ikishavuja inaamsha vimeng'enya vinavyoikatakata seli kutoka ndani, kimya kimya. Seli nyingi za kansa zina ujanja wa kuziba tundu hilo. Daktari anahangaika lifunguke, na cheche zinamsaidia; vizuia oksidi kazi yake ni kuzizima. Wewe unataka kununua cha kutulizia cheche?

Nuru_ya_Afya:
Mnapenda kupinga vitu vya asili. Shangazi yangu alitumia unga kama huo akapona.

TichaJinja:
Na mionzi je, hakupigwa?

Nuru_ya_Afya:
Alipigwa, lakini…

FundiMionzi_Mbarara:
Ticha umeeleza vizuri, niongeze mawili. Shabaha kuu bado ni DNA ya kwenye kiini. Nyuzi zake zote mbili zikikatika, seli nyingi za uvimbe hazifi palepale, zinakuja kufa baadaye zikijaribu kugawanyika. Mitokondria ni mshirika mkubwa, lakini haziko peke yake kwenye kesi hii.

La pili, hili la vizuia oksidi limeshapimwa kwa watu. Kanada waliwapima wagonjwa 540 wa kansa za kichwa na shingo waliokuwa kwenye mionzi, wengine wakapewa vidonge vya vitamini E na beta-karotini. Matokeo yalitoka 2005 na 2006. Madhara makali ya mionzi yalipungua kweli, lakini walipofuatiliwa miaka iliyofuata, vifo vilikuwa vingi zaidi upande wa waliopewa vitamini E. Si kansa ya mama yako, najua. Mimi nisingejaribu.

SistaMstaafu:
Mwanangu, hayo ya mitokondria waachie hawa. Mimi nauliza: damu yake ilipimwa lini? Mama mwenye ugonjwa huo mara nyingi amevuja damu miezi mingi kabla ya kuja hospitali. Uchovu wa mionzi upo, lakini wa kushindwa kuvua viatu usiubebe nyumbani. Tena uvimbe wenye oksijeni ya kutosha unaathirika na mionzi takriban mara 2.5 hadi 3 kuliko uliokosa kabisa, na oksijeni inabebwa na damu.

Kesho, kabla hajaingia kwenye mashine, mwambie nesi. Beba na kopo lenyewe wasome maandishi yake, hata kama hujalinunua. Embe na papai ale, chakula cha kawaida hakina neno. Akianza kuharisha, mboga za nyuzi nyingi apunguze na maji anywe. Homa ikipanda, hata iwe usiku wa manane, mrudishe hospitali.

MwanaWaBwera:
Nimerudi, ni siku tano baadaye. Sista, Mungu akuzidishie. Walimtoa damu asubuhi ile ile, kiwango cha damu kikasomeka 7.4, yaani kiko chini. Wakamwongezea chupa mbili. Kopo niliazima kwa dada nikaenda nalo. Daktari alisoma nyuma, akaniuliza bei, akacheka peke yake, akasema tusiguse hadi mionzi iishe.

Dada amenuna, hanisalimii kwenye bomba la maji. Mama leo kavaa viatu mwenyewe. Nilimpikia matoke na mchuzi wa karanga, akala nusu sahani, halafu akaniuliza nani alinifundisha kupika bila chumvi.