Sanduku la picha na karatasi za zamani limefika maktabani: tuanzie wapi?

Kamalondo_Vitabu
Jambo ndugu wote. Maktaba yetu hapa Lubumbashi imepewa sanduku la bati: picha kama 400 nyeusi-nyeupe, nyingi za sentimita 10 kwa 15, bahasha tatu za negativu, barua na daftari za wafanyakazi wa Union Minière (kampuni ya migodi ya shaba ya enzi za ukoloni), pamoja na michoro mitano ya rangi juu ya kitambaa cha mfuko wa unga, imekunjwa mara nne kama shuka. Bahasha moja ya negativu inanuka siki. Picha za chini zimegandana. Tuna skana moja ya kioo, kiyoyozi hakuna. Wenzangu wanataka kuskani leo leo. Ni sawa? Na picha zisizo na tarehe tuzipangeje?

Yaya_wa_Ruashi
Skana ingoje. Siki ndiyo ya haraka. Negativu za asetati (aina ya plastiki ya filamu) zikianza kuoza hutoa asidi yenye harufu hiyo ya siki, na mvuke wake unaharakisha kuoza kwa zile zilizo karibu. Itengeni bahasha hiyo leo, chumba kingine chenye kupitisha hewa, ndani ya karatasi, wala si plastiki iliyofungwa. Kisha tazameni ukingo wa kila filamu: ikiwa na neno SAFETY, si nitrati, ile plastiki ya filamu za zamani inayoshika moto upesi. Isipokuwa nalo na ni ya zamani (Kodak iliacha kutengeneza nitrati 1951), ihesabuni kuwa nitrati. Ile huwaka hata ikifunikwa, kwa sababu inajitolea oksijeni yenyewe. Bati lililopigwa na jua la Oktoba si mahali pake.

Kabla ya kutoa kitu kingine, pigeni picha kwa simu, tabaka moja baada ya jingine. Picha iliyokuwa imelalia barua fulani huenda ndiyo inayosemwa ndani ya barua hiyo. Mkishazichanganya, habari hiyo imepotea. Andikeni namba kwa penseli ya HB nyuma ya picha, pembeni, picha ikiwa imelala juu ya kioo au meza ngumu. Biki hapana: wino wake huhamia kwenye picha iliyo chini yake.

Zilizogandana msizichokonoe kwa kisu. Gelatini iliyolowa ni gundi, na ikikauka inang'oka na sura ya mtu. Wekeni furushi zima pembeni hadi apatikane fundi. Ukungu ukiwa mkavu kama vumbi, usafisheni nje ya jengo kwa brashi laini, mkivaa barakoa na glovu za nitrili. Ukiwa bado mbichi, unaopakaa ukiguswa, ukausheni kwanza kivulini. Ukungu hupenda unyevu wa hewa unaozidi asilimia 65, kwa hiyo ondoeni masanduku ukutani na sakafuni, sentimita 10 hivi, kabla mvua za Novemba hazijaanza.

Agrafi (pini za stapla) zenye kutu: pitisha kipande cha karatasi ngumu chini ya miguu yake, inua mguu mmoja mmoja. Ukivuta, karatasi inachanika palepale kutu ilipoila.

Katuba_Rangi
Niongeze kuhusu michoro. Ifungueni mkunjo mmoja kwa siku, rangi ikitazama juu, juu ya karatasi safi. Pasi msiiguse! Vipande vya rangi vinavyodondoka viingie kwenye bahasha yenye namba ya mchoro. Inafaa ilale wazi ndani ya kartoni pana. Nafasi ikikosekana, izungusheni juu ya bomba la kartoni la zulia, kipenyo cha sentimita 15 au zaidi, rangi IKIWA NJE. Watu wengi huweka rangi ndani wakidhani wanailinda, kumbe hapo rangi inabanwa, inajikunja na kubanduka.

Na kwenye orodha, mkikuta mamba-muntu (mwanamke mwenye mkia wa samaki), andikeni mamba-muntu, msiandike nguva. Ndilo jina la aina hiyo ya mchoro hapa kwetu, na mtafiti atatafuta kwa jina hilo.

Kreyo_HB
Tarehe. Ombeni kwa mkambisti (mbadilisha fedha) ile tochi yake ya UV ya kuangalia dola za bandia. Mulikeni ukingo mweupe wa picha gizani: uking'aa bluu-nyeupe kwa nguvu, karatasi ina kemikali ya kung'arisha iliyoingia kwenye karatasi za picha miaka ya 1950. Isipong'aa haithibitishi chochote, kwani nyingine za baadaye hazikuwekewa. Sekunde chache zinatosha.

Geuzeni mgongo pia. Chapa ya Agfa-Gevaert ni ya 1964 au baadaye, mwaka Agfa na Gevaert, kampuni mbili za filamu na karatasi za picha, zilipoungana. Kwa barua: jiji letu la Élisabethville lilibadilishwa jina kuwa Lubumbashi 1966, Union Minière ilitaifishwa hapa 1967, mkoa wa Katanga ukaitwa Shaba 1971 na kurudi Katanga 1997. Lakini karatasi yenye kichwa cha zamani huweza kutumika hadi iishe, kwa hiyo iaminini tarehe iliyoandikwa kwa mkono kuliko iliyochapwa. Kwenye orodha wekeni jina la mahali kama lilivyo, kisha la leo.

Mkifika kwenye skana: nukta 600 kwa inchi, rangi kamili hata kwa picha nyeusi-nyeupe (ule umanjano ni ushahidi), faili za TIFF, aina isiyopunguza ubora wa picha. Picha moja itakuwa kama megabaiti 25, zote 400 zifike gigabaiti 10. Kopi tatu, moja nje ya Lubumbashi. Hifadhini kila faili papo hapo, umeme haupigi hodi ukikatika.

Kamalondo_Vitabu
Asanteni sana. Yaya, mifuko ya plastiki ya sokoni inafaa kwa picha?

Yaya_wa_Ruashi
Jaribu kwanza, na shaba tunayo. Shika waya wa shaba kwa koleo, uuchome hadi moto usibadilike rangi, uguse plastiki ukiwa bado moto, kisha urudishe motoni. Moto wa kijani maana yake kuna klorini, yaani plastiki ya PVC: itatoa asidi na kunata kwenye picha. Fanyia nje, mbali na sanduku na hasa mbali na zile filamu, wala usivute moshi wake. Moto usipokuwa kijani, na plastiki haina harufu wala haiteleziteleza kama imepakwa mafuta, itumie. Ukisita, karatasi nyeupe isiyo na asidi, ikunjwe bila gundi.