Dawa ya pumu kufungiwa kabatini katika shule ya bweni: nifanye nini?

Mzazi wa Morogoro

Ndugu zangu, naomba ushauri. Binti yangu amechaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza katika shule ya bweni, naye ana pumu tangu utotoni. Fomu ya kujiunga inaeleza kwamba mwanafunzi haruhusiwi kukaa na dawa ya aina yoyote bwenini. Dawa zote zikabidhiwe kwa matroni siku ya kuripoti, zitunzwe katika kabati lenye kufuli, na mwanafunzi azifuate huko wakati wa kuzitumia. Naielewa nia ya kanuni hiyo, kwa kuwa wapo wanafunzi wanaogawana vidonge kama wanavyogawana karanga. Hata hivyo, binti yangu hubanwa zaidi alfajiri, na nyumba ya matroni iko ng'ambo ya uwanja wa michezo. Nilipompigia simu mwalimu wa afya, alinijibu kwa upole kwamba kanuni ni moja kwa wote. Je, niendelee kudai kwamba inhela, yaani kifaa chake cha kuvuta dawa ya pumu, ibaki mikononi mwa mtoto, au nitakuwa naomba upendeleo usiostahili?

Muuguzi wa Watoto

Ndugu mzazi, huombi upendeleo hata kidogo. Kufuli lina maana kwa vidonge, kwa sababu kidonge kina saa yake na kinaweza kusubiri mtu afuate ufunguo. Inhela ya buluu, yaani salbutamol, haina saa. Hutumika pale kifua kinapobana, na huanza kufungua njia za hewa ndani ya dakika chache. Mtoto aliyebanwa sawasawa hawezi hata kumaliza sentensi moja, hivyo kumtaka avuke uwanja gizani, agonge mlango na aeleze shida yake ni kumdai pumzi ambayo hana.

Kuna jambo la pili ambalo naomba ulishughulikie kabla ya siku ya kuripoti. Ikiwa binti yako anatumia inhela ya buluu peke yake, mrudishe kliniki, kwani tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu wa GINA haupendekezi tena kumtibu mtu mwenye umri wa miaka 12 au zaidi kwa dawa hiyo pekee. Anahitaji pia dawa ya kuvuta inayotuliza uvimbe wa njia za hewa. Ile ya kinga inayotumika asubuhi na jioni inaweza kukaa kwa matroni bila madhara, mradi apewe kila siku na asukutue kinywa baada ya kuivuta.

Mpe pia spesa, yaani chombo cha plastiki kinachounganishwa na inhela ili dawa ifike vizuri mapafuni, na ikikosekana, chupa tupu ya plastiki ya nusu lita hufanya kazi hiyo vizuri: toboa kitako chake tundu linalobana mdomo wa inhela, kisha mtoto avute hewa kupitia mdomo wa chupa. Matroni na viranja wa bweni waelezwe kwamba akibanwa akalishwe wima, apewe mipulizo 4 hadi 10, mmoja baada ya mwingine, na irudiwe kila baada ya dakika 20 katika saa ya kwanza. Akishindwa kuzungumza, au midomo ikibadilika rangi, gari la kwenda hospitali litafutwe papo hapo huku akiendelea kupewa dawa.

Matroni Mstaafu

Naunga mkono maelezo ya muuguzi, ila naomba wazazi mtuelewe na sisi. Kwa miaka mingi nilipokea dawa zikiwa ndani ya bahasha za kaki zilizoandikwa "1x3" na hakuna kingine: si jina la dawa, si jina la mtoto, si tarehe ya kuisha muda. Niliwahi kukuta mseto wa malaria ulioachwa nusu chini ya godoro, kwa sababu mwanafunzi alipata nafuu baada ya dozi mbili akaona abakize kwa ajili ya homa ijayo. Dozi ya mseto ni vidonge 24 kwa mwenye uzito wa kilo 35 au zaidi, na dozi ya pili hunywewa saa 8 baada ya ya kwanza. Aliyeanza saa 2 usiku anapaswa kuamshwa saa 10 alfajiri. Bila mtu mzima mwenye daftari, hilo halifanyiki. Kwa hiyo kabati libaki, lakini inhela ya buluu isiingie humo.

Ongeza na ombi hili: binti asipangiwe kufagia bweni wakati wa usafi wa asubuhi, wala zamu ya jikoni penye moshi wa kuni. Apewe kazi ya kumwagilia bustani.

Mlezi

Kwa wenye watoto wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, shida ni tofauti kabisa: dawa ipo, ila foleni dirishani kwa matroni kila jioni humtangaza mtoto. Zungumzeni faragha na mtu mmoja tu shuleni, mkiwa mmekubaliana na mtoto mwenyewe, na mpange saa ambayo hakuna foleni. Sheria ya UKIMWI ya Tanzania ya mwaka 2008 inalinda siri hiyo, na matroni hana haki ya kuipeleka katika chumba cha walimu.

Mzazi wa Morogoro

Nawashukuru sana. Nitakwenda kliniki wiki hii. Je, barua ya daktari niielekeze kwa nani?

Matroni Mstaafu

Ielekeze kwa mkuu wa shule, kwa kuwa ndiye mwenye mamlaka ya kuruhusu jambo lililo nje ya fomu, na umwombe aandike kibali chake kwenye barua hiyohiyo na kuigonga muhuri. Nakala moja mpe matroni, nyingine akae nayo binti, ili siku ya ukaguzi wa masanduku mwalimu wa zamu asimnyang'anye. Nunua inhela mbili: moja atembee nayo, ya akiba ikae kwa matroni ikiwa na jina lake, na kila likizo uzikague zote mbili, kwani inhela ya mipulizo 200 huisha dawa huku ikiendelea kutoa sauti ileile.